Lango la Attari, Milango Minne ya Amritsar

Baba yangu aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi, na katika safari ile ndefu palikuwa na mahali pamoja tu alipokula bila kutia mkono mfukoni: Makindu, kwa Makalasinga. Likizo moja ya Desemba, nikiwa na umri wa miaka tisa, alinichukua. Tulivua viatu mlangoni, akanifunga leso yake kichwani, tukanawa mikono na kuketi chini kwenye busati pamoja na familia iliyokuwa ikielekea Nairobi kwa gari zuri, na wachungaji wawili wa mbuzi wa pale kijijini. Sote tulipewa sahani za chuma za aina moja, chapati, dengu na chai ya maziwa. Nilipouliza nani analipa, baba alinijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini: "Hapa halipi mtu. Ukishiba, waombee."

Nilikua nikiijua historia ya mahali pale vipande vipande. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao wakitoka jimbo la Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini, kwa maradhi, ajali na simba. Waliobaki walifungua maduka, karakana na viwanda vya mbao, na baadhi yao wakajenga hekalu la Makindu mwaka 1926 kando ya reli waliyoitandaza. Hao waliolijenga hujiita Sikh. Sisi Kenya tumewaita Makalasinga, na ndugu zetu wa Tanzania huwaita Masingasinga. Kwa kuwa dengu ile ilikuwa na asili yake mbali, nilitamani kwenda kuliona jiko la hekalu lao kuu, mjini Amritsar, India.

Sababu ya pili ya safari yangu ni mahali nilipozaliwa. Mimi ni mtu wa Taveta. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu kwa mstari uliotoka pwani ukapinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro, ukawaacha watu wa ukoo mmoja katika nchi mbili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa upande wa pili, ng'ambo ya Holili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mwezi Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo mama alifiwa na kaka yake, na habari za msiba zikamfikia baada ya matanga kuisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba nje kidogo ya mji wa Amritsar kuna mpaka ambao watu hukusanyika kila jioni kutazama ukifungwa, nilijua ningekwenda huko pia.

Nilifika Amritsar Novemba 2023. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na wakulima walikuwa wakichoma mabua ili wapande ngano, moshi umetanda juu ya mashamba kama ukungu wa asubuhi kule Taita. Kutoka mjini hadi mpakani Attari ni kilomita 30 hivi kuelekea magharibi, kwa barabara ya kale iliyounganisha Bengal na Kabul kwa kupitia Delhi, Amritsar, Lahore na Peshawar. Amritsar na Lahore zimeachana kwa kilomita 50 tu, pungufu ya Mombasa na Kilifi. Zamani mtu aliweza kwenda asubuhi kununua kitambaa na kurudi jioni. Malori ya mizigo yalikuwa machache siku ile. Tangu mwaka 2019, India ilipopandisha ushuru wa bidhaa za Pakistan hadi asilimia 200 na Pakistan nayo ikasimamisha biashara, makuli wengi wa Attari wamebaki wakiitazama barabara tupu.

Mstari wenyewe una umri mdogo. Sir Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India, alifika Delhi Julai 1947 akapewa wiki tano kuigawa Punjab na Bengal. Mipaka ilitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya India kupata uhuru. Watu wengi walikuwa wameshasherehekea uhuru bila kujua wako nchi gani. Kati ya watu milioni 14 na 15 walihama, Waislamu wakielekea magharibi, Wahindu na Makalasinga wakielekea mashariki, na waliopoteza maisha wanakadiriwa kuwa kati ya laki kadhaa na zaidi ya milioni moja. Treni ziliingia stesheni ya Amritsar na ya Lahore zikiwa zimejaa maiti. Katika barabara hii hii niliyopita nikiwa ndani ya teksi, misafara ya watu wenye vitanda, kuku na wazee mabegani ilipishana, kila upande ukikimbilia kule upande mwingine ulikotoka.

Pale Attari tulikaguliwa mara tatu kabla ya kuingia. Mifuko haikuruhusiwa, na sisi wageni tulionyesha pasipoti zetu. Mbele yetu kulikuwa na jukwaa kubwa mithili ya uwanja wa mpira, na katikati yake barabara inayokwenda hadi kwenye lango la chuma. Hatua chache nyuma ya lango hilo kuna lango lingine, la Pakistan, na nyuma yake jukwaa jingine lililojaa watu. Upande wetu kulikuwa na picha ya Gandhi, na upande wao ya Jinnah, mwasisi wa Pakistan. Muziki ulipigwa kwa sauti iliyotikisa viti. Akina mama na wasichana walishuka barabarani wakakimbia na bendera, kisha wakacheza pamoja, wanafunzi kwa mabibi. Mshereheshaji aliinua mikono, na maelfu wakaitikia "Hindustan Zindabad!", yaani idumu India. Kutoka ng'ambo mwitikio wa "Pakistan Zindabad!" ulitufikia kama mwangwi.

Saa kumi na nusu hivi gwaride likaanza. Askari wa India huvaa kaki na kilemba chenye kishungi chekundu kilichosimama kama upanga wa jogoo, na wa Pakistan huvaa nguo nyeusi na kishungi cheusi. Wamechaguliwa kwa urefu. Mmoja baada ya mwingine walitembea kwa kasi hadi langoni, wakarusha mguu hadi buti likafika usawa wa paji la uso, wakaukita chini kwa kishindo. Malango yakafunguliwa. Mwenye kaki akamkabili mwenye nguo nyeusi, akakunja ngumi, akatanua kifua, akazungusha masharubu, na mwenzake akafanya vivyo hivyo. Watu walipiga kelele hadi sauti zikawakauka.

Jua lilipokaribia kuzama, kelele zilikatika. Tarumbeta zililia pande zote mbili, wimbo mmoja, kwa pumzi moja. Kamba za bendera zilivutwa, na bendera mbili zikaanza kushuka zikipishana katikati kwa mshazari. Hapo nilisahau kupiga picha. Askari walioshika zile kamba walikuwa wakitazamana, wakizivuta taratibu kwa kadiri moja, ili bendera ya mmoja isiwe chini ya ile ya mwenzake hata kwa shubiri. Zilishuka sawasawa, zikakunjwa kwa wakati mmoja. Kamanda wa huku na kamanda wa kule walipeana mkono mara moja, wakageuka, na malango yakafungwa kwa kishindo.

Sherehe hii imefanywa tangu mwaka 1959. Nchi hizi zimepigana vita mwaka 1965, 1971 na 1999, na kila baada ya mapigano sherehe imerudi. Nilibaki nimekaa wakati wengine wakikimbilia mabasi. Kumbe uadui ule nao hauendi bila mapatano. Lazima wapatane saa, wapatane hatua, wapatane mwendo wa kamba, na kila askari amtazame mwenzake kwa makini kuliko anavyowatazama watu wake. Wazee wetu walisema, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Watu wa Punjab ya pande zile mbili wana lugha moja ya Kipunjabi, nyimbo za arusi zinazofanana na ngano ya ardhi moja. Wanaoweza kushusha bendera mbili kwa kadiri moja kila jioni, kwa zaidi ya miaka sitini, hawawezi kutuambia kwamba kupatana kumewashinda.

Usiku ule ule nilikwenda kwenye hekalu lile kuu la Makalasinga. Nilivua viatu, mtu wa kujitolea akavipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni vya thamani, nikafunga kitambaa kichwani na kupita kwenye kijito kifupi cha maji kinachoosha miguu. Kisha ngazi zikanishusha. Misikiti na makanisa mengi niliyoyajua hujengwa mahali pa juu, lakini hapa hekalu liko chini kuliko mji, na kila anayeingia, tajiri au fukara, huteremka kwanza. Bwawa kubwa lilitokea mbele yangu, na katikati yake jengo dogo la dhahabu lililosimama juu ya kivuli chake. Jina lake ni Harmandir Sahib. Bwawa lilichimbwa na kiongozi wao wa dini, Guru Ram Das, kuanzia mwaka 1577, mji ukachukua jina la maji hayo ya uhai, Amritsar. Mrithi wake, Guru Arjan, alijenga hekalu na mwaka 1604 akaweka ndani yake kitabu kitakatifu. Dhahabu ilikuja karne ya 19, kwa amri ya Maharaja Ranjit Singh.

Mambo mawili yalinigusa kuliko dhahabu. La kwanza ni milango. Hekalu lina milango minne, mmoja kila upande, kuwa ishara kwamba watu wa pande zote na wa tabaka zote wanakaribishwa, katika nchi ambamo tabaka liliamua nani anywe kisima gani. La pili ni msingi. Mapokeo ya Makalasinga yanasema jiwe la kwanza liliwekwa na Mian Mir, walii Mwislamu wa Lahore, mji ule ule ulio ng'ambo ya lango nililoliona likifungwa jioni. Na ndani ya kitabu chao, Guru Granth Sahib, mna tungo za Sheikh Farid Mwislamu, za Kabir mfumaji na za Ravidas fundi wa ngozi, pamoja na za maguru wao wenyewe.

Nilitembea polepole juu ya marumaru baridi nikizunguka bwawa. Nyimbo za ibada zilikuwa zikitoka hekaluni kwa vipaza sauti, kinanda na ngoma, laini kama maji yenyewe. Kando ya ukingo wa mashariki nilikuta mti mzee uliozungushiwa uzio, watu wakigusa ardhi chini yake kwa heshima, kwa imani kwamba maji ya pale huponya. Nilitazama majani yake na miiba yake nikautambua mara moja: mkunazi. Ndio mti ambao majani yake huchemshwa nyumbani kwetu pwani kuoshea maiti. Nilisimama pale nikimkumbuka baba, aliyeoshwa kwa majani hayo.

Kisha nikaenda kula. Jiko la wote, wanaloliita langar, halilali. Hulisha watu wapatao 50,000 kwa siku ya kawaida na hadi 100,000 siku za sikukuu, bila kumwuliza mtu jina, dini wala pesa. Desturi hii ilianzishwa na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao aliyezaliwa mwaka 1469, na kanuni ni kukaa chini safu moja. Mapokeo husema hata mfalme Akbar, alipokwenda kumwona Guru Amar Das, aliketi chini pamoja na watu wa kawaida kabla ya kuonana naye. Mimi niliketi kati ya mwanafunzi na mzee asiye na meno. Mgawaji alipita na kapu, na nilipotaka kupokea chapati kwa mkono mmoja, mzee akaninong'oneza, akaonyesha viganja vyake viwili vilivyounganishwa. Hupokewa hivyo, kama dua. Dengu ikaja, mboga, na wali wa maziwa na sukari. Ladha ya dengu ile ilikuwa ile ile ya Makindu.

Asubuhi nilirudi kufanya kazi. Kutumikia bila malipo wanakuita seva, na yeyote huruhusiwa. Nilianza kwenye sahani, mahali penye kelele ya vyuma kama mvua ya mawe juu ya mabati, kisha nikaelekezwa kwa akina mama wanaosukuma chapati. Sikujua Kipunjabi, lakini maneno yalikuwa yamenitangulia: chapati, achari, haluwa, chai, gari. Kila nililolitaja waliitikia kwa furaha. Kijana mmoja wa chuo kikuu akawa mkalimani wangu. Bibi mmoja aliyekuwa mkuu wa ubao wetu aliuliza ninatoka wapi, na aliposikia Kenya aliacha kifimbo chake cha kusukumia. Kupitia kwa kijana alisema baba yake mdogo alikwenda Nakuru akiwa fundi seremala, kabla ya nchi kugawanywa, akafia huko. Kisha akauliza, "Mlimtunza?"

Hakuna swali lililonishinda hivyo katika maisha yangu. Nilimweleza Makindu. Nilimweleza habari za Makhan Singh, Kalasinga aliyezaliwa Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, ambayo leo iko Pakistan, akaja Kenya akiwa kijana na kuunda vyama vya wafanyakazi, na Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, akadai hadharani uhuru kamili wa nchi zetu. Wakoloni walimfunga kwa miaka kumi na moja bila kesi ya haki. Lakini kwa kuwa aliniuliza swali la kweli, nilimwambia na mengine. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na katika nchi zetu nyingine wengi walitazamwa kwa kijicho hadi wakahama wenyewe. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akaniwekea donge jingine la unga mbele yangu, nikaendelea kusukuma.

Amritsar yenyewe inaijua bei ya mlango uliofungwa. Mwendo wa dakika chache kutoka hekaluni ipo bustani ya Jallianwala. Tarehe 13 Aprili 1919 Jenerali Dyer wa jeshi la kikoloni aliwaweka askari wake kwenye njia ya kuingilia, kisha wakafyatua risasi 1,650 juu ya watu waliokusanyika bila silaha na ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilikuwa wafu 379, na Wahindi walihesabu zaidi sana. Hekalu nalo halikusalimika: Juni 1984 jeshi la India liliingia kuwaondoa wapiganaji waliojificha humo, mamia ya watu wakafa, wakiwemo mahujaji. Oktoba mwaka huo Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake Makalasinga, na maelfu ya Makalasinga wasio na hatia wakachinjwa, hasa Delhi. Milango minne haimkingi mtu na risasi. Lakini jiko lilirudi kuwashwa, na waliolia ndio waliorudi kupakua.

Siku ya mwisho nilizuru Jumba la Makumbusho ya Mgawanyo, lililofunguliwa mwaka 2017. Humo kuna koti la kike lililotariziwa na mkoba wa ngozi. Msichana mwenye koti na kijana mwenye mkoba walikuwa wamechumbiwa kabla ya mwaka 1947. Vurugu ziliwatenganisha, kila mmoja akakimbia kwa njia yake akiwa na kitu hicho. Walikuja kuonana tena katika kambi ya wakimbizi, kwenye foleni ya chakula, wakaoana.

Mwaka na nusu baada ya kurudi nyumbani nilisikia habari nilizoziogopa. Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir. India ikailaumu Pakistan, ikafunga kivuko cha Attari, na Mei nchi hizi mbili zikarushiana makombora kwa siku nne. Sherehe ya jioni ilirudi mwezi huo huo, lakini malango hayakufunguliwa na makamanda hawakupeana mkono. Njia ya Kartarpur, iliyofunguliwa Novemba 2019 ili mahujaji wavuke kwenda mahali alipofia Guru Nanak upande wa Pakistan, nayo ilifungwa upande wa India. Ule mkono wa sekunde chache, ambao majukwaani sisi tuliuona mdogo, nao uliondolewa, kwa sababu ulikuwa na maana.

Mama yangu angali hai, na hadi leo hulitaja jina la kaka yake aliyezikwa bila yeye. Kwa ajili yake ninasema bila kusita: lango likifungwa kati ya ndugu, anayeumia si serikali, ni mtu aliyekosa kushika jeneza. Nawe msomaji, ukisafiri barabara ya Mombasa, usiipite Makindu. Vua viatu, funika kichwa, keti chini karibu na usiyemjua, pokea chapati kwa mikono miwili. Ukimaliza, chukua sahani yako na ya jirani yako, nenda ukazioshe.